Kwa Shemeki Niliyemfukuza kwa Sababu ya Moshi

Shemeki yangu Lofemba, ndugu wa mke wangu na noko, yaani mjomba, wa binti yangu,

Barua hii siifungi kwa gundi. Inasafiri kwa boti kutoka Kisangani hadi Isangi, na njiani kuna macho mengi. Bahasha iliyofungwa huwafanya watu wadhani kuna kitu ndani. Mimi mwenyewe ningeifungua. Halafu wewe na herufi hamkuwahi kuelewana, kwa hiyo lazima mtu akusomee, na mtu huyo, hata akiwa katekista, akishasoma atasimulia. Basi afadhali asome kwa sauti, watu wakae wasikilize. Neno nililokuita miaka kumi na moja iliyopita nililitamka barazani, mtaa mzima ukiwa umesimama kwenye mvua. Siwezi kuja kuliondoa kwa kunong'ona.

Unanijua nilivyo. Dada yako husema, "Papa Nsimire, wewe unashuku hata kivuli yako." Mtu akinisalimia kwa furaha kupita kiasi, najiuliza anataka nini. Akinisalimia kwa ubaridi, najiuliza ameambiwa nini. Muuza mikate akibadilisha njia nataka kujua sababu. Usidhani umri umeniponya. Wiki iliyopita tu nilimzuia mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, nikamwacha mlangoni mpaka dada yako akatoka na kumwomba radhi.

Kwa hiyo siku ulipokuja kwetu, na nyavu zako zimekunjwa begani na kikapu cha samaki wa moshi, mboto, sikukuona wewe. Niliona maswali. Ulisema umekuja kumwangalia dada yako kidogo. Kidogo hiyo ilikuwa miaka miwili. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya viwanja, nilileta ramani nyumbani kuzimalizia, na wewe ulikuwa unainama juu ya meza yangu kama mtoto.

"Papa Nsimire, hii mustari nyekundu iko nini? Hii kiwanja iko ya nani? Na huyu mutu anajua kama munamupima?"

Nani anauliza hivyo bure? Nikaanza kulaza karatasi zangu kifudifudi. Halafu kila Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, wakati sisi wengine tulikuwa tunachimba mitaro kwa shingo upande, wewe ulikuwa unaimba kuliko wote. Mwenyekiti wa Chama wa mtaa wetu, ambaye mimi alinijibu salamu kwa kidevu tu, wewe alikuita kwa jina. "Citoyen Lofemba!" Na wewe ukacheka naye, ukampa samaki. Nikajiambia, tayari, sikio la Chama linakula kwenye meza yangu na kulala kwenye mkeka wangu. Kila Alhamisi ulipotea asubuhi mpaka jioni. Ulisema unaenda bandarini kupokea boti za kwenu. Nilikufuata mara mbili, Lofemba. Hukujua hilo. Mara zote mbili nilikukuta bandarini, umekaa juu ya gunia, unapokea boti za kwenu. Nikarudi nyumbani na mashaka zaidi, maana mtu asiyeficha kitu anahitaji ustadi mkubwa.

Sasa shemine. Wanaosikiliza huko Isangi watajiuliza mahali pa kuwashia moto sebuleni panatafuta nini Kisangani, ambako mtu anatoka jasho akiwa ameketi. Mzungu aliyejenga nyumba ile alijenga kama kwao: shemine ya matofali, bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya bati. Wenzangu wote waliopewa nyumba za namna hiyo waliweka redio au viatu humo ndani. Mimi niliwasha. Nimezaliwa Bukavu, ambako jioni mtu hutafuta blanketi, na marehemu baba yangu alikuwa boyi wa wazungu katika villa moja juu ya ziwa. Kazi yake ilikuwa moto. Moto nilijifunza kwake kama wewe ulivyojifunza nyavu kwa wazee wako.

Na Kisangani moto ulikuwa na faida, hata kama majirani walisema nimeugua. Miezi ya mvua viatu vinaota ukungu kabatini, chumvi inageuka maji, magodoro yananuka, na ramani zangu zilikuwa zinashikana kama majani ya kwanga, mkate wetu wa muhogo. Saa mbili za moto mzuri mchana wa mvua, nyumba ilikuwa inapumua. Binti yetu Nsimire, aliyekuwa na miaka saba na kifua dhaifu, alikuwa analala bila kukohoa.

Wewe ulipenda moto ule kuliko sisi sote. Ulikuwa unachuchumaa pembeni yangu, na mimi, pamoja na mashaka yangu yote, nilikuwa nafurahi kuwa na mtu wa kumfundisha. Hizo ndizo saa nzuri tulizokuwa nazo, na siku hizi nazikumbuka mara nyingi. Nilikufundisha kuchagua limbali, mti mzito unaowaka taratibu, na kuacha kombokombo, unaolipuka na kuisha kabla hujaketi. Nilikufundisha kupasua kuni na kuzipanga chini ya paa, zikiachiana nafasi upepo upite, zikae mpaka zipasuke nyufa kwenye vichwa na zikigonganishwa zilie kwa sauti kavu. Kuni mbichi zinatoa moshi kuliko moto, na moshi huo unaganda ndani ya bomba, mweusi, unanata, na siku moja wenyewe unashika moto. Ulinisikiliza, ukakunja uso.

"Kwetu kuni mbichi ndiyo nzuri. Kavu inachoma samaki, haimukaushi."

"Hapa hatukaushi samaki," nilisema.

Nilikuonyesha kuwasha vijiti vyembamba kwanza, na kuinua fungu la majani makavu yanayowaka mpaka kwenye koo la bomba ili hewa baridi iliyolala humo ipate joto na kuanza kupanda. Nilikwambia dirisha moja liachwe wazi kidole kimoja, moto nao unavuta pumzi. Tuliacha majivu kidogo chini, yanashika joto. Yaliyozidi tuliyatoa kwa ndoo ya bati mpaka uani, na kamwe si kwenye kapu, maana kaa linaweza kujificha ndani ya majivu siku mbili. Ubao wenye rangi marufuku. Kabla ya mvua kubwa tulipanda juu ya bati, wewe na mimi, tukashusha fungu la matawi ya mchikichi lililofungiwa jiwe, tukasugua bomba juu chini, na tulipoteremka tulikuwa weusi kiasi kwamba dada yako alifunga mlango, akasema hajui sisi ni nani. Tulicheka siku ile. Nilikushuku hata wakati wa kucheka, lakini nilicheka.

Basi, kuna kitu kimoja sikukufundisha. Nitakifikia.

Jumapili ile mvua ilianza kabla ya saa sita, mvua ya mto, ile inayokuja imelala ubavu. Tulikula. Nikawasha moto mdogo, na kwa kuwa maji yalikuwa yanaingia tulifunga madirisha yote, hata lile la kidole kimoja. Dada yako na mtoto wakaenda kupumzika chumbani, mlango wazi. Mimi nikasinzia kwenye kiti mbele ya shemine. Nyuma yangu nilisikia unapitapita na kikapu chako cha ngolo, samaki wabichi uliowapata bandarini, nikadhani unaenda jikoni.

Nilichokumbuka baadaye ni tope la uani kwenye meno yangu. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mvua, kichwa kinagonga kama kinu, natapika. Dada yako alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepauka, anamshika Nsimire. Na wewe ulikuwa umesimama katikati, unahema, nguo zimejaa masizi, moshi unatoka kwenye mlango nyuma yako mzito kama pamba chafu. Majirani walikwisha kufika, maana ulipiga kelele kama mtu anayezama.

Ulikuwa umetundika samaki wako kwa waya ndani ya shemine. Ulikuwa umeweka kuni mbichi juu ya makaa yangu. Na ulikuwa umeziba bomba.

"Papa Nsimire," ulisema, "moshi ilikuwa inapotea bure. Niliingiza mukono kufunga waya, nikakuta kuna chuma kule juu. Nikasukuma, ikafunga. Nikasema, kumbe mundele, ule muzungu, naye alikuwa anakausha samaki!"

Na ukacheka. Leo najua kilikuwa kicheko cha mtu aliyeogopa. Siku ile nilisikia kicheko tu.

Nilikuuliza kwa nini wewe ulikuwa nje wakati sisi tulikuwa ndani. Ulisema ulikuwa barazani unapaa magamba ya samaki waliobaki. Nilikuuliza ni nani aliyekutuma. Ulisema, "Kunituma nini?" Nilikuuliza kwa nini mtoto alitoka kwanza, kisha dada yako, na mimi niliyekuwa karibu na mlango nikatoka wa mwisho. Ulisema, "Nilisikia mutoto anakohoa, nikafuata sauti." Kila jibu lako lilikuwa rahisi, na mimi majibu rahisi siyaamini. Kwa akili yangu yote ya ukarani nilipanga mambo kwenye mstari: maswali juu ya ramani, mwenyekiti anayekujua jina, Alhamisi zako, bomba lililozibwa, mimi wa mwisho. Mstari ukanyooka vizuri mno. Nikasimama nikishikilia nguzo ya baraza, nikakunyooshea kidole mbele ya watu wote, nikakuita ndoki.

Watu walirudi nyuma. Ndoki, mchawi, ni neno ambalo mtu hulisikia kwa mwili mzima. Mzee mmoja wa jirani alinishika mkono. "Papa, uko na maisha. Nyamaza." Sikunyamaza. Nilisema umetumwa na ukoo wenu kuniua ili dada yenu abaki na nyumba, nililisema neno lile mara ya pili, na mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake mbali nawe. Nilikuona ukimtazama mtoto yule anavyovutwa.

"Mimi naua dada yangu?" ulisema. "Mimi? Na huyu mutoto?"

Asubuhi yake hukuwapo. Nyavu zako, mkeka, vikapu viwili, vyote vilikuwa vimeondoka. Ngolo uliwaacha wakining'inia kwenye shemine, nusu wameiva. Nikawatupa mtoni mimi mwenyewe, kwa koleo, bila kuwagusa. Dada yako alinitazama nikifanya hivyo na hakunisemesha mpaka mwezi ulipoisha.

Ninakuandikia hayo yote kama ulivyoyajua ili usikie kwamba sikusahau hata moja, wala sikujipunguzia. Sasa yale usiyoyajua.

Mwaka jana mama yenu alipofariki, tulikwenda kumlilia kule karibu na Yanonge. Wewe ulikuwa umekwishapita na kuondoka. Ulisikia nakuja. Siku ya tatu ya matanga mvua ilitupata, nikaingia kwenye nyumba ya kwanza niliyoiona. Shangazi yenu mmoja alikuwa ameketi humo ndani anasuka kapu, na mbele yake tanda, uchanja wa kukaushia samaki, juu ya moto wa kuni mbichi, limefunikwa mikeka na bati kuukuu, kila tundu limezibwa kwa majani. Moshi ulikuwa umejaa mpaka macho yakanichoma. Kona ya pili walikuwa wamelala watoto watatu.

Nilimwambia kwa ukali, "Mama, munafunga moshi na watu wako ndani?"

"Moshi ikienda, samaki inabaki mbichi," alinijibu. "Lazima kufunga."

"Na watoto?"

"Watoto wanalala. Moshi inafukuza mbu." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Paa lilikuwa la majani, na moshi ulikuwa unatoka humo kila mahali, unapenya polepole, nyumba nzima inafuka kutoka kichwani. Hata ukifunga mlango, hata ukifunika tanda, paa lile linapumua. Nilifikiria sebule yangu ya Kisangani, saruji chini, saruji ubavuni, dari ya mbao imepigiliwa, madirisha ya vioo yamefungwa kwa sababu ya mvua. Mtu aliyekulia chini ya paa la majani angejuaje? Alikuta shimo la moshi, juu yake akakuta kizibo. Kizibo kinatumika kwa nini kama si kuzibia?

Unajua nilifanya nini? Nilimshuku shangazi yenu. Nilijiuliza ni nani aliyemweka pale na tanda lake nimwone. Nikazunguka kijiji kizima nikichungulia nyumba za watu kama mwizi, na kila nyumba ilikuwa vilevile, na hakuna ukoo unaoweza kupanga kijiji kizima kwa ajili ya karani mmoja. Jioni niliketi peke yangu nyuma ya jiko la matanga, nikalia. Si kwa ajili ya marehemu, Mungu anisamehe.

Kwa maana hapo ndipo liliponijia lile nililokuwa nimelipita kwa miaka yote ile. Muda wote nilikuwa nauliza ni nani aliyefunga kizibo. Sikuuliza hata mara moja kwa nini hukujua kazi yake, wewe niliyekufundisha moto kwa misimu miwili. Ulijua kuni, ulijua majivu, ulijua ndoo ya bati. Kizibo hukukijua kwa sababu nilikuficha.

Nilikuficha kwa makusudi. Kabla ya kuwasha, kila mara, nilikutuma uende kuchukua kiberiti, au maji, au kitu chochote, halafu nikaingiza mkono na kuvuta kile chuma, mgongo wangu ukiwa umeziba shemine. Ukirudi, njia ya moshi ilikuwa wazi, na wewe ukadhani iko wazi siku zote. Baba yangu alinifundisha hivyo. Wale maboyi wa Bukavu walikuwa na desturi yao: unamfundisha mwenzako kazi, lakini kitu kimoja unabaki nacho, maana ukimpa yote, kesho mzungu atamweka yeye na wewe atakuonyesha barabara. Baba alibaki na kizibo. Boyi mwingine alipowasha, nyumba ilijaa moshi, na madamu akamwita baba. Alikula kwa kizibo kile miaka ishirini. Na mimi, ambaye hakuna mzungu wa kunifukuza, ambaye moto ule haukunilipa kitu, nilibaki nacho pia, kwa sababu niliona afadhali mtu wa kwenu asijue kila kitu ndani ya nyumba yangu. Nilikushuku, kwa hiyo nilikuficha. Uliziba kwa sababu nilikuficha. Na ulipoziba, nikasema unaona, nilijua.

Maneno machache yangetosha. "Lofemba, hiki kikifungwa moto ukiwa hai, tunakufa." Ningeyasema, ungecheka, ungetundika samaki wako uani, na binti yangu angekua na noko wake.

Wewe si ndoki. Anayesoma arudie hapo, tafadhali, na asimame kidogo. Lofemba si ndoki. Aliyetaka kuua watu kwa moshi hakuwapo nyumbani mwetu. Alikuwapo mtu mmoja aliyeingia kwenye moshi mara tatu, na ya tatu alimfuata mtu aliyejua kabisa kwamba hampendi.

Sasa Nsimire anaolewa. Ni kijana wa chuo, watu wa Maniema, nimemchunguza kwa miezi minne na sijapata kitu, jambo linalonikosesha raha. Watu wake wako tayari kuja. Kwetu sisi milimani ningeweza kumtoa binti yangu mimi na kaka zangu, lakini dada yako amesema mtoto huyu ni wa mto pia, na kwa watu wa mto binti hatoki bila noko. Noko ndiye anayeulizwa, na koti na panga na taa vya mahari vinawekwa mbele yake. Mwezi uliopita nilifanya kile ambacho watu wengi hufanya mjini: nilitafuta noko mwingine. Nilimpata binamu yenu wa mbali, mtu mpole, ana suti yake nzuri ya abakosti, angekaa kwenye kiti na kusema anachotakiwa kusema. Nilimleta nyumbani Nsimire amsalimie.

Alimsalimia kwa heshima zote. Akamletea kinywaji. Halafu akanifuata kwenye baraza na kuniambia kwa sauti ya chini, "Papa, huyu hakunibeba."

Sikujua kwamba anakumbuka. Hakuwahi kulitaja jina lako mbele yangu, nami katika upumbavu wangu nilidhani amesahau. Aliniambia kwamba ulikuwa umefunika pua yake kwa mkono wako, na mkono ulinuka samaki, na kwamba hataondoka nyumbani mwangu kwa ndoa yoyote mpaka mkono ule umsukume mgongoni kuelekea mlangoni. Dada yako alikuwa amesimama nyuma ya pazia, akisikiliza. Alikuja tu akaweka kalamu na karatasi mezani, akaketi.

Kwa hiyo njoo, Lofemba. Sherehe nimeiahirisha mpaka maji ya mto yatakapopungua, na nitaiahirisha tena ikibidi. Ukitaka kunitukana mbele ya watu kwanza, nitasimama kwenye baraza lilelile. Ukitaka kukaa kimya, kaa kimya. Kila boti ya Isangi inapotia nanga ninashuka bandarini, nahesabu wanaotoka, nawatazama usoni mmoja mmoja mpaka wananiogopa. Sina ushahidi wowote. Hujajibu salamu tatu zilizokwenda kwa mdomo. Mtu mwenye akili angesema huji. Lakini mimi, unanijua nilivyo, nimeanza kushuku kwamba utakuja, na katika tuhuma zote nilizobeba maishani hii ndiyo ya kwanza ninayomwomba Mungu iwe kweli.

Nakuaga kwa sasa, na dada yako anakuaga kwa machozi yake mwenyewe, si kwa maneno yangu.

Ni mimi shemeki yako, uliyemtoa wa mwisho,
Papa Nsimire